Mzee akianguka usiku, muulizeni alikuwa anawahi wapi

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu niseme jambo moja ambalo huku kwetu Moshi naona watu wanalipita kila siku na linawamaliza wazee wetu. Mzee akianguka usiku tunauliza ameumia wapi, tunatafuta gari, tunapigiana simu mpaka Dar kwa watoto wake, tunachanga hela, lakini karibu hamna mtu anayeuliza mzee wa miaka 78 alikuwa anaenda wapi saa nane ya usiku. Na jibu mara nyingi ni lile lile, alikuwa anawahi chooni.

Mi nauza duka la dawa hapa mjini, dawa nimesomea ila sio daktari. Kaunta ya duka la dawa inasikia mengi kwasababu watu wanaanzia kwetu kabla ya hospitali na wengine wanaishia hapo hapo kwetu. Asubuhi anakuja kijana anataka dawa ya kuchua na bendeji, mama yake kateleza usiku, nusu saa baadae anakuja mama mwingine ananong'ona anataka pampasi za watu wazima, alafu anakwambia nifungie kwenye gazeti isionekane. Hao wawili hawajuani lakini mi naona wamebeba tatizo moja, ila hamna mahali ambapo hayo mambo mawili yanaandikwa kwenye karatasi moja. Kuanguka kunapelekwa kwa daktari wa mifupa, mkojo haupelekwi popote, unabaki nyumbani.

Na hii sio hisia zangu tu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake wazee 6,049, wakaona wale wanaobanwa na mkojo ghafla mpaka unawatoka kabla hawajafika chooni, angalau mara moja kwa wiki, hatari yao ya kuanguka ilikuwa juu kwa asilimia 26 kuliko wenzao na ya kuvunjika mfupa ilikuwa juu kwa asilimia 34. Sasa kilichonigusa mimi zaidi ni hiki, wale ambao mkojo unawatoka kidogo wakikohoa au wakipiga chafya au wakinyanyua ndoo, kwao hiyo hatari haikuonekana. Yaani kulowa peke yake sio kunakoangusha, kinachoangusha ni ile haraka, ndo maana nasema tunahangaika na pampasi na kufua mashuka wakati hatari yenyewe iko kwenye zile hatua chache kati ya kitanda na choo.

Mtu akibanwa na mkojo kichwa chote kinahamia huko, haangalii anakanyaga nini, hatua zinafupika, na mzee kutembea tu tayari kunamtaka awe makini, sasa ukimpa kazi mbili kwa wakati mmoja, kubana na kutembea, moja lazima imshinde. Ongeza kwamba katoka kulala, kainuka ghafla, presha imeshuka, macho hayajazoea giza, umeme labda umekatika, miwani iko juu ya kabati. Ongeza na usingizi, mtu anayeamka mara nne usiku mchana wake ni wa kusinzia na miguu mizito, kwahiyo hata hiyo anguko la mchana unaloliona hapo uani linaweza kuwa limeanzia usiku.

Kuna bibi mmoja huko Uru namfahamu vizuri, ameshavuka miaka 75, choo chake kiko nje nyuma ya migomba, unatoka mlango wa jikoni unashuka ngazi mbili za mawe alafu unafuata kanjia ka udongo kanakoteremka. Masika yakiingia ile njia ni utelezi mtupu. Alianguka usiku akavunjika mkono hapa juu ya kiganja. Nilivoenda kumwona nikamwambia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza ilikuwaje, akasema nimeteleza kwenye majani ya mgomba. Watu wote aliwaambia hivo na hata kule alikotibiwa ndo ilivoandikwa, kateleza. Baadae watu walivopungua mle ndani, mkwe wake katoka kwenda kuchota maji, akanishika kwa ule mkono mzima akasema kwa sauti ya chini, mwanangu siku hizi mkojo haunisubiri, nikisikia tu umeshafika. Usiku ule mkono mmoja ulikuwa umeshika kanga isifunguke, mkono wa pili unavuta mlango mbwa asiingie, tochi kaiacha kitandani kwasababu hakuwa na mkono wa tatu wa kuishikia, na miguuni kavaa ndala za mjukuu. Hayo majani ya mgomba yalikuwepo ni kweli, lakini yapo pale miaka yote.

Kilichofuata ndo kiliniuma. Aliacha kunywa maji. Kuanzia saa kumi jioni hagusi kitu, uji hataki, chai hataki, na hata mchana kikombe kimoja tu. Na hili wanalifanya wazee wengi sana na watoto wao wanawasifia kabisa kwamba mama amejua kujipangia. Mkojo ukikosa maji unakuwa mzito, mkali, unawasha kibofu, hivo hamu ya kukojoa inaongezeka badala ya kupungua. Choo kikubwa kinakuwa kigumu, kikijaa kule chini kinasukuma kibofu, yaani nafasi inazidi kupungua. Alafu mwili ukipungukiwa maji mzee akisimama anapata kizunguzungu. Kwahiyo amefunga maji asianguke na hayo hayo ndo yatamwangusha. Maji ya mchana yabaki mengi kama kawaida, kinachopunguzwa ni vya jioni, masaa mawili matatu kabla ya kulala, hasa chai na kahawa na mbege, maana hivo vinakojosha na vinaudhi kibofu. Wenye moyo mkubwa au figo wao wafuate kiasi walichopangiwa na daktari wao.

Mwingine ni babu mmoja alikuja dukani anataka dawa ya usingizi. Nikamwambia babu hiyo siuzi bila cheti cha daktari, alafu nikamuuliza, usingizi hauji kabisa ukilala au unakatika katikati? Akasema nalala vizuri tu ila naamka, naamka hata mara tano. Unaamshwa na nini babu? Akageuka kwanza kuangalia kama kuna mtu nyuma yake ndo akajibu, haja ndogo. Hebu fikirieni angepata ile dawa. Kibofu kingemwamsha vilevile kwasababu dawa ya usingizi haipunguzi mkojo, ila sasa angenyanyuka amelewa usingizi, miguu haina nguvu, kwenye giza. Nawaomba wenzangu wa maduka ya dawa, najua kuna wanaouza hizo dawa kimya kimya, mkimpa mzee bila kumuuliza kinachomwamsha mnamsukuma.

Huyo babu shida yake ilikuwa tezi dume, na nashukuru alikubali kwenda kupima. Kwa wanaume wenye miaka 51 mpaka 60 tezi inakuwa imeshaanza kukua kwa karibu nusu yao, na wakishapita 80 inafika mpaka 9 kati ya 10, na kukua huko sio lazima iwe saratani, wengi wao sio. Ila mkojo unatoka kwa kusuasua, hauishi, baada ya muda mfupi anahitaji tena. Wanaume wetu wanaogopa kile kipimo cha kidole, wanakaa na tatizo mpaka siku mkojo unagoma kabisa kutoka ndo wanakimbizwa hospitali kuwekewa mpira wa kutolea mkojo. Kuna kipimo cha damu siku hizi, kuna ultrasaundi, na dawa zipo. Ila na zenyewe hizo dawa, kama tamsulosini, kwa baadhi ya watu zinashusha presha mtu akisimama, kwahiyo babu aliyeanzishiwa asiruke kutoka kitandani, akae kwanza pembeni ya kitanda miguu ikiwa chini, apumue, akiona kichwa kimetulia ndo asimame. Na usiku akojoe amekaa. Najua wanaume hili hawalipendi, lakini mwanaume mzee akikojoa amesimama usiku presha inaweza kushuka ghafla akazimia pale pale kwenye sakafu ya choo.

Nikiwa kwenye dawa niseme na za presha maana hizo ndo nazitoa kuliko zote. Watafiti waliopima wazee wa miaka 70 na kuendelea vijijini wilaya ya Hai walikuta karibu 7 kati ya 10 wana presha. Wengi wanapewa vile vidonge vya kutoa maji mwilini, ni dawa nzuri na za siku nyingi, ila mtu akimeza jioni usiku wake wote utakuwa wa chooni. Mara nyingi inatosha kuuliza kliniki kama inaweza kuhamia asubuhi. Wengine wanatumia amlodipini ambayo kwa baadhi yao inavimbisha miguu, na hapa watu wengi hawajui uhusiano, yale maji yaliyokaa kwenye vifundo vya miguu mchana kutwa, mzee akilala yanarudi kwenye damu na figo zinaanza kuyatoa, ni kama mfereji uliofungwa mchana ukaja kufunguliwa usiku. Mzee wa miguu ya kuvimba anyanyue miguu juu ya stuli au mto saa moja mawili pale alasiri ili huo mkojo uje kabla hajalala. Na uvimbe wenyewe auonyeshe kliniki, unaweza kuwa ni moyo. Nasema muulize na muonyeshe, sijasema mtu aache dawa, presha ikiachiwa inaleta kiharusi na kiharusi kinaharibu vyote viwili, kibofu na miguu. Sukari nayo ikiwa juu mkojo haukomi, kwahiyo mzee aliyeanza ghafla kukojoa sana na kiu haiishi apimwe sukari kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Alafu kuna hili la UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kila mzee akisema mkojo unamsumbua anaandikiwa UTI, au hajaandikiwa anakuja mwenyewe anasema nipe sipro, ile antibayotiki, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Wazee wengi, wakinamama hasa, ukipima mkojo utakuta bakteria hata kama hawaumwi kitu, na kama hamna maumivu wakati wa kukojoa, hamna homa, hamna mabadiliko mapya, kawaida hao bakteria hawahitaji dawa. Tunawamezesha antibayotiki bure na chanzo kinabaki pale pale.

Kinachonikera kuliko vyote ni hili neno uzee. Mzee akisema mkojo anaambiwa ni uzee mama, akisema ameanguka anaambiwa ni uzee, na anayesema hivo wakati mwingine amevaa koti jeupe. Kuamka mara moja usiku kwa mtu mzima ni kawaida, sibishi. Lakini mara mbili, tatu na zaidi, au mkojo unaokuja ghafla na kumtoka, hilo ni jambo lenye chanzo, na mara nyingi kuna cha kufanya. Kibofu kinafundishika hata kwa mtu wa miaka 80. Anayebanwa ghafla akikimbia ndo anaharibu, ile hamu inakuja kama wimbi, sasa asikimbie, asimame pale pale alipo au akae, abane misuli ya kule chini kwa nguvu mara tano sita harakaharaka, kama mtu anayezuia upepo usitoke, afikirie kitu kingine, hamu ikitulia ndo atembee taratibu. Mara ya kwanza itamshinda, wiki ya pili itamshinda kidogo, na inaendelea hivo. Na yale mazoezi ya kubana taratibu na kuachia, mara 8 hivi kwa mpigo, mara 3 kwa siku, yafanywe miezi 3 kabla mtu hajasema hayafai. Mchana aende chooni kwa saa, kila baada ya masaa mawili matatu, asisubiri kubanwa. Wataalamu wa fiziotherapia wanafundisha haya, sio mazoezi ya mgongo na magoti tu, tatizo ni kwamba hamna anayewapelekea wagonjwa wa namna hii kwasababu mgonjwa mwenyewe hajasema.

Na miguu nayo ifanyiwe kazi. Mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara yanapunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu asilimia 23, hayo ni majumuisho ya utafiti mwingi yaliyotoka 2019. Mzee akae kwenye kiti kigumu kilichoegemea ukuta ainuke bila kujisukuma na mikono, akae, ainuke tena, alafu ashike meza asimame kwa mguu mmoja. Wazee wetu wa mlimani walikuwa wanapanda na kushuka makorongo na mkungu kichwani, nguvu hizo walikuwa nazo, zinapotea wakianza kukaa ndani.

Na kwanini wanakaa ndani? Aibu. Mama mtu mzima aliyekuwa hakosi ibada ya kwanza unaambiwa siku hizi anasikiliza misa kwenye redio, magoti yanamuuma. Ukimkalia karibu unakuta magoti ni kisingizio, anaogopa ibada ya masaa mawili, anaogopa kunyanyuka katikati ya watu, anaogopa gauni likilowa. Jumuiya haendi, msiba anatuma rambirambi, harusi ya mjukuu Dar haendi kwasababu basi la masaa nane tisa atajisaidia wapi. Mwaka mzima anazunguka kati ya kitanda na kiti, misuli inaisha, na siku akibanwa usiku ile miguu ya kumfikisha haipo tena. Hivi ndo mkojo unavomwangusha hata mtu ambaye hakukimbia.

Wanetu mnaorudi Desemba mnisikilize hapa. Mnakuja na moyo mzuri, nawaona, mnamletea mama blanketi na tivii kubwa, mnamwekea tailizi sebule nzima zinang'aa. Choo kinabaki nje nyuma ya migomba. Au mnajenga choo cha ndani kizuri, tailizi za kuteleza mpaka ukutani, cha kuchuchumaa, hamna hata sehemu ya kushika. Kabla ya tivii wekeni bomba la kushikia ukutani, fundi yeyote wa kuchomelea analifanya nusu siku. Taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita, moja chumbani na moja njiani. Kitanda kisiwe kirefu wala kifupi, mama akikaa miguu ifike chini. Kama choo lazima kiwe nje, usiku asiende kabisa, ndoo yenye mfuniko ikae chumbani, ila ndoo tupu ni hatari akiikalia inapinduka, seremala amtengenezee kiti kizito chenye tundu katikati na pa kuwekea mikono, ndoo ikae chini yake. Kiti kingine kama hicho kinaweza kuwekwa juu ya choo cha shimo kwa matumizi ya mchana. Babu mbadilishieni suruali ya mkanda na vifungo muwekee ya lastiki, bibi atafutiwe gauni la kulalia ambalo halihitaji mkono wa kulishikilia. Viatu vifunge nyuma ya kisigino, ndala ziachwe. Na anayelala nyumba moja na mzee, awe mjukuu au dada wa kazi, asione tabu kumwaga hiyo ndoo asubuhi wala asimsimange, mzee akisimangwa mara moja tu kesho yake atatoka nje kwenye giza.

Nikisema hatari sio natisha watu. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 684,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi, na waliopita miaka 60 ndo wanaokufa zaidi. Mzee akivunjika nyonga sio mfupa tu, kuna kulala kitandani muda mrefu, vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda kwenye miguu, na wengi wanaopona hawarudi kutembea kama zamani. Familia inauza ng'ombe, binti mmoja anaacha kazi anarudi kijijini. Kiti cha tundu kwa seremala hakiwezi kulinganishwa na gharama hizo.

Ninachoomba kwa wahusika wa afya mkoani kwetu, na Arusha pia maana ni yale yale, ni kitu kidogo sana. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 tunaambiwa mzee wa miaka 60 na kuendelea apewe kipaumbele, na dirisha la wazee lipo, tunashukuru. Kila Oktoba 1 Siku ya Wazee wanapimwa presha na sukari, vizuri. Ongezeni maswali mawili tu na yaulizwe pamoja kwa kila mzee, kliniki ya presha, kliniki ya sukari, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapopita nyumba kwa nyumba: mwaka huu umeanguka? Na usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo, unafika? Ayaulize mtu mzima kwa heshima, pembeni, sio kwenye foleni mbele ya mkwe wake. Bibi ataulizwa na mwanamke, babu akitaka mwanaume apewe mwanaume. Na mzee aliyeletwa amevunjika, kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani aulizwe choo chake kiko wapi, maana mkimfunga mhogo, ile plasta ngumu ya mfupa, mkamrudisha kwenye kanjia kale kale na kibofu kile kile mtamwona tena.

Na wewe mzee unayesoma hii, shikamoo. Chukua daftari, siku tatu mfululizo andika saa uliyokojoa mchana na usiku, ulikunywa nini na saa ngapi, na kama ulichelewa kufika uandike pia, mjukuu akusaidie kuandika au uweke alama tu. Nenda nalo kliniki mpe daktari mkononi, hapo hata kusema hutahitaji sana, atasoma mwenyewe. Ila ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo umegoma kabisa na chini ya kitovu pamejaa, au homa na kutetemeka, au mkojo umeanza kukutoka ghafla pamoja na miguu kulegea, usisubiri daftari, nenda siku hiyo hiyo.

Mwisho Mhariri, kwenye ukurasa wenu wa afya tafuteni siku moja muwakutanishe daktari wa njia ya mkojo, daktari wa mifupa na mtaalamu wa fiziotherapia wajibu maswali ya wasomaji kuhusu jambo hili, wote watatu kwa pamoja sio kila mmoja wiki yake. Na maswali myapokee bila majina, la sivyo hayataletwa. Mkiweza ukurasa huo mchape kwa herufi kubwa kidogo, wazee wengi huku ndo wasomaji wenu na miwani yao ni ya zamani.

Msomaji wenu, muuza duka la dawa,
Moshi